Shangazi, najipaje maksi mwenyewe?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni muuguzi mkunga wa miaka 34, naishi Makorora hapa Tanga. Nafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali ya binafsi ambayo naomba nisiitaje jina. Huu ni mwaka wangu wa sita pale. Mikataba yetu ni ya miaka miwili miwili, na wangu unaisha mwezi wa tatu mwakani.

Kila mwaka tunafanyiwa tathmini ya utendaji. Unapewa fomu, kila kipengele unajipa maksi mwenyewe, 1 hadi 5, kisha inchaji wa wodi anaweka zake pembeni. Baadaye mnakaa watatu, wewe, inchaji na matroni, mnazungumza, mnasaini. Yangu imepangwa Jumatano ya mwisho wa mwezi huu, saa 3 asubuhi. Asubuhi hiyo natoka zamu ya usiku.

Shangazi, mimi kujisifu siwezi. Nimelelewa na bibi Pangani, na kila tulipojitapa kwa jambo alitukatiza: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Basi mwaka jana nilijipa 3 kuanzia juu mpaka chini, nikasema wao ndio wanaoniona kazini, watanipa wanachokiona. Inchaji akazitazama 3 zangu, naye akaandika 3 zake, moja moja, mpaka mwisho. Dakika 10 tumemaliza. Kwenye maoni akaandika: "Mkimya, ajitahidi kushirikiana na wenzake." Nikasaini. Mwenzangu mwenye miaka miwili kazini alijipa 4 na 5, na yeye ndiye aliyepelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya watoto njiti. Sina kinyongo naye, ni mdogo wangu, lakini siku ile niliporudi nyumbani nililia.

Mwaka huu naogopa zaidi. Mwezi wa nane, saa 9 usiku, nilikuwa nazalisha mama wa mimba ya kwanza. Mtoto akatoka amelegea, halii, hapumui. Wakati nageuka kumbeba kumpeleka mezani, mama mkwe wa yule mzazi akaingia leba na chupa yake ya uji, anauliza kuna nini, anataka kumshika mkwewe. Nikapaza sauti: "Tokeni nje! Tokeni!" Ni mama mtu mzima, rika la mama yangu. Nilimpulizia mtoto kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, akalia. Sikupata hata nafasi ya kukaa, mama wa kitanda cha pili akaanza kusukuma. Asubuhi nikaondoka. Siku tatu baadaye karatasi ikakutwa kwenye sanduku la maoni: nesi wa usiku hana adabu, kanifukuza kama mbwa. Inchaji aliniita koridoni akaniambia, "Tutalizungumza kwenye tathmini." Tangu mwezi wa nane hadi leo, hili neno linanikaa kifuani.

Halafu kuna patografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu. Walipokagua mafaili wakakuta mbili za kwangu zina mapengo, zote za usiku mmoja. Usiku huo tulikuwa wakunga wawili, akina mama walio kwenye uchungu watano.

Rafiki yangu kanishauri nikusanye ushahidi, kwa hiyo nimeanza kupiga picha kwa simu kurasa za rejista zenye jina langu kama mzalishaji. Nimefikisha picha kama 40. Sijui nizifanyie nini. Kazi yangu yenyewe ni ya kawaida tu, kuzalisha, kuandika, kuwaonyesha hawa wapya kidogo namna ya kushika ambu kwa mwanasesere siku za Alhamisi kukitulia, basi.

Jambo jingine ni kwamba inchaji ni mdogo kwangu kwa miaka mitano. Mimi ndiye niliyempokea alipokuja kuanza kazi. Tangu apewe cheo, salamu yake imekuwa ya baridi. Naogopa nikisema naonekana najitapa, nikinyamaza naandikiwa mkimya. Nifanye nini, Shangazi, na nimebakiwa na wiki tatu?

Mkunga wa Makorora

---

Marahaba, mwanangu. Na pole, maana miezi minne ya kubeba neno moja kifuani ni mingi.

Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza kwa miaka mingi kabla sijastaafu, nikiwa inchaji wa wodi. Acha nikuambie kilichomo kichwani mwa mtu aliyekaa pale. Ana wauguzi kumi na kitu au ishirini wa kuwafanyia tathmini, na fomu zote zinatakiwa kwa matroni wiki moja. Anakumbuka yaliyotokea wiki mbili zilizopita, na anakumbuka yaliyomletea maneno. Usiku 60 uliotoka salama hakumbuki hata mmoja, kwa sababu alikuwa amelala nyumbani kwake na asubuhi akakuta wodi shwari. Hilo si roho mbaya. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa 3 muuguzi ambaye hadi leo nikimkumbuka naona haya, kwa sababu alikuja na fomu tupu na mimi nilikuwa nimechoka. Alikuwa na 3 zake, nikampa 3 zangu, kama ulivyofanyiwa wewe.

Sasa bibi yako. Sitambishia, alisema kweli. Lakini alisema juu ya kitu kilichowekwa wazi. Nenda pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi, samaki mbichi yuko juu ya meza, mnunuzi anamfunua mashavu aone wekundu, anambonyeza, anamtazama jicho. Huyo kweli anajiuza. Kazi ya mkunga wa zamu ya usiku haiko juu ya meza. Iko saa 9 usiku, mlango umefungwa, na ikifanyika vizuri haiachi alama: mama hakutoka damu nyingi, mtoto alilia, asubuhi wakaenda nyumbani na mkoba wao. Itajiuzaje kitu ambacho mnunuzi hakukiona?

Nataka uache kabisa kuifikiria hiyo fomu kama kujisifu. Wewe kila asubuhi saa moja na nusu unafanya makabidhiano. Unasimama na kusema: kitanda namba 4, mimba ya tatu, njia sentimita 6 saa 10, chupa ilipasuka saa 8, maji safi, mapigo ya mtoto 140, uchungu mara 3 kwa dakika 10. Kitanda namba 2 amejifungua saa 7, kondo limetoka lote, damu kidogo, ameshakojoa. Hakuna hata siku moja mwenzako wa zamu ya asubuhi alikwambia unajitapa. Na ukikaa kimya kwenye makabidhiano kwa ajili ya adabu, mtu anaweza kufa. Basi fomu ile ni makabidhiano ya mwaka mzima. Unamkabidhi inchaji mwaka wako, kwa sauti ileile, maneno yaleyale ya kazi, na yaliyoharibika unayataja pamoja na yaliyokwenda vizuri, kama unavyotaja presha iliyopanda.

Kabla ya kukueleza utakusanya nini, toa simu yako ufute hizo picha. Zote 40, na kule zinakohifadhiwa zenyewe kwenye akaunti yako uingie uzifute. Najua ulizipiga kwa nia njema. Lakini kila ukurasa ule una jina la mama, umri, mtaa anaokaa, hali ya maambukizi yake na kilichompata mtoto wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika taarifa nyeti, na kiapo chetu cha uuguzi kilikuwa kimeshatukataza kabla ya sheria hiyo kutungwa. Tanga ni mji mdogo, mwanangu. Simu ikiibiwa ukiwa kwenye baiskeli, jina la jirani yako wa Barabara ya 12 linaweza kufika asikotaka lifike. Na ukizitoa picha hizo mezani kama ushahidi, umewapa kosa jipya la kuandika, kubwa kuliko yote uliyoyataja.

Unachohitaji ni hesabu. Jina la mgonjwa halihusiki. Mwombe inchaji ruhusa kwa maneno haya haya: "Sista, naomba saa moja nikae na rejista na rosta hapa hapa wodini, nahesabu kazi zangu za mwaka kwa ajili ya fomu." Ukimwomba ruhusa umeshaanza kumwonyesha unavyoichukulia tathmini. Kaa na karatasi tupu na kalamu, chukua kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha leba, fuata safu ya mzalishaji, kila ukikutana na jina lako piga kijiti. Watoto wangapi umewapokea. Kati yao wangapi walizaliwa hawajalia ukawasaidia kupumua, na wangapi walipona. Akina mama wangapi walitoka damu nyingi. Wangapi uliwapa rufaa, na kutoka kuamua mpaka gari kuondoka ilichukua muda gani, kama umeandikwa. Halafu rosta: usiku wangapi umefanya mwaka huu, na mara ngapi uliitwa kuziba pengo la mtu ambaye hakuja. Hii ya mwisho watu wengi huiacha, na ndiyo inayomgusa inchaji moja kwa moja, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anapiga simu saa 12 jioni kutafuta mtu.

Hesabu iwe na jumla yake. Ukisema umesaidia watoto 9 kupumua, sema kati ya wangapi uliowapokea. Kazi mliyofanya wawili, sema mlikuwa wawili. Na yule ambaye hakupona, kama yupo, yumo kwenye hesabu. Matroni anajua vitabu kuliko unavyofikiri, na akiona umemhesabu na yule ambaye mtu mwingine angemficha, namba zako zilizobaki ataziamini.

Wenzako wa serikalini wanaosoma hapa waliijaza OPRAS, fomu yao ya tathmini, kwa miaka mingi tangu 2004, na sasa wanajaza utendaji wao kwenye mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Kwao nasema hilo hilo la hesabu, isipokuwa wasingoje Juni mwaka wa fedha unapoisha ndipo waanze kukumbuka Julai walifanya nini. Daftari dogo mfukoni, mstari mmoja kila baada ya zamu, bila jina la mgonjwa. Nawe mwakani ulianze mapema.

Sasa nikugombeze kidogo. Umeandika barua ndefu, na jambo kubwa kuliko yote umelipitisha kwenye nusu sentensi: "kuwaonyesha hawa wapya kidogo namna ya kushika ambu kwa mwanasesere." Kidogo? Mwaka 2013 zilichapishwa takwimu za hospitali 8 za hapa kwetu Tanzania ambako wakunga walifundishwa hivyo hivyo, kwa mwanasesere na ambu, kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Hiyo ndiyo kazi unayoifanya wewe siku za Alhamisi kukitulia, bila mtu kukutuma, na mwaka jana ukaandikiwa "ajitahidi kushirikiana na wenzake." Mwanangu, anayefundisha wenzake ndiye anayeshirikiana kuliko wote! Andika: wapya wangapi umewafundisha, mara ngapi, na yupi sasa anaweza kufanya peke yake. Waombe wenyewe wakusaidie kukumbuka tarehe. Kwenye kipengele cha ushirikiano jipe 4 bila kutetemeka, na chini yake weka huo mstari. Ukijipa 5 kila mahali utaonekana hujasoma fomu. Ukijipa 3 kila mahali pia hujaisoma. Kila maksi iwe na mstari wake wa sababu, mmoja au miwili, na vyote vienee kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu ukurasa wa pili hausomwi.

Patografu. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, maana najua ushauri unaozunguka kwenye vyumba vya chai. Usijaze yale mapengo sasa. Hata moja. Mapigo ya moyo ya kubuni kwenye karatasi ya mama ni uongo juu ya uhai wa mtu, na likija kuchunguzwa leseni yako ndiyo itakayojibu. Kama kuna kitu ulipima na hukukiandika, na unakikumbuka kwa hakika, utaratibu unaruhusu kukiandika kama maelezo ya baadaye, kwa saa na tarehe halisi unapoandika, na sahihi yako. Baada ya muda wote huu hiyo haifai tena. Yaache.

Kisha fanya hesabu nyingine na uende nayo. Uchungu ukishakolea, patografu inataka kila nusu saa upime mapigo ya moyo wa mtoto, na kila nusu saa uweke mkono tumboni uhesabu uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10. Akina mama 5, mara 2 kwa saa, dakika 10 kila mara, hizo ni dakika 100. Mapigo ya moyo wa mtoto, dakika moja moja, ni 10 nyingine. Ninyi wawili mkiweka saa zenu pamoja mna dakika 120. Zimebaki 10 za kuzalisha, kuweka dripu, kubadili shuka, kupokea mgeni getini na kumpigia simu daktari. Mweleze matroni hesabu hiyo taratibu, ukiwa umeanza na kosa: "Patografu mbili zangu za usiku ule zina mapengo, ni kweli. Nimekaa nikahesabu tulichotakiwa kufanya saa ile, na hii ndiyo hesabu. Naomba tuelewane, usiku kama ule tufanye nini: tumwite nani, na mama yupi apewe kipaumbele cha kupimwa." Huo ni mpango unauomba kwao. Mtu akisikia "tulikuwa wachache" tu, anasikia kisingizio, kwa sababu kila mtu nchi hii ni mchache wodini. Akisikia dakika 100 kati ya 120, ataishika kalamu mwenyewe ahesabu.

Nakuja kwa mama mkwe, na hapa nitakaa.

Nakuona vizuri. Mtoto amelegea mikononi, umemfuta, umemsugua mgongo, hajalia, una sekunde za kuhesabu, na mtu mzima kaingia katikati yako na meza. Ulikuwa na haki ya kumtoa. Ulikuwa na wajibu wa kumtoa. Sauti ilipanda kwa sababu ya yule mtoto, na mtoto yupo, anakaribia miezi minne, pengine keshaanza kucheka kwa sauti. Hilo usiliombee radhi kwa mtu.

Lakini mfikirie na yule mama. Kaamka usiku, kakoroga uji, kapanda bajaji, kaingia hajui kwamba kaingia pabaya. Anasikia "Tokeni!" kutoka kwa binti wa rika la mwanawe. Anakaa koridoni hajui kama mjukuu yu hai. Saa inapita. Asubuhi zamu inabadilika, na binti yule kaondoka bila neno. Kwetu pwani mtu mzima anaweza kusamehe sauti. Kuachwa bila neno hakusameheki kirahisi. Karatasi ile ya sandukuni haikuandikwa kwa sababu ya zile sekunde. Iliandikwa kwa sababu ya saa zilizofuata mpaka asubuhi. Na katika saa hizo, pamoja na mama wa kitanda cha pili na yote, kulikuwa na dakika mbili. Hata kumtuma mhudumu: "Mwambie mama pale nje mtoto amelia, nakuja."

Basi siku ya tathmini usingoje waliseme wao. Liseme wewe, mapema, kabla hata hamjafika kwenye maksi. Kitu kama hiki: "Matroni, kuna lile la mwezi wa nane. Nilimpazia sauti mama mkwe wa mgonjwa. Mtoto alizaliwa hajavuta pumzi, nilihitaji nafasi ya kufanya kazi, na kumtoa ilikuwa lazima. Lakini mtoto alipolia sikurudi kumweleza, na hilo ni kosa langu. Siku hizi kabla mama hajaanza kusukuma nazungumza na ndugu aliyekuja naye. Namwambia, mtoto akichelewa kulia nitakuomba utoke haraka, usiogope, nitakuja mwenyewe kukueleza."

Angalia sentensi hizo hazina "lakini yeye ndiye aliyeingia." Ukilisema hilo, umerudi koridoni kubishana na karatasi. Na ile sentensi ya "siku hizi" usiiseme kama si kweli. Una wiki tatu, anza zamu ya leo usiku. Ikifika Jumatano utakuwa umeshafanya mara nyingi, na utaisema kwa uso wa mtu anayejua anachosema. Nenda na alama za hali ya mtoto alipozaliwa, za dakika ya kwanza na ya tano, zilizomo kwenye rejista, uziandike kama namba tu. Zitaeleza haraka ya ule usiku kuliko maneno.

Unaweza ukatamani kumfuata yule mama nyumbani umwombe radhi. Moyo mzuri, lakini usichukue namba yake wala mtaa wake kwenye faili kwa shughuli yako binafsi. Mwambie matroni kwamba ungependa kumwomba radhi, hospitali ndiyo imwite au impigie. Mara nyingi wanakubali, maana na wao lile karatasi linawasumbua.

Kuhusu inchaji wako. Kukuambia "tutalizungumza kwenye tathmini" mwezi wa nane alikosea, nalisema waziwazi ili na mainchaji wengine wasome. Jambo la kauli linasemwa wiki ileile, chumbani, mlango umefungwa. Kuliweka akiba mpaka mwisho wa mwaka ni kumtesa mtu, na katika miezi minne hiyo angeweza kulirudia kosa bila kujua. Lakini sioni kwenye barua yako ushahidi wa chuki. Naona binti aliyepewa cheo juu ya dada aliyemfundisha kazi, hajui amsemeshe vipi, akakimbilia ukali wa salamu. Mfuate wewe, kabla ya Jumatano, si baada yake. Mwambie, "Sista, nataka tathmini ya mwaka huu iwe ya maana. Kuna jambo unalotaka nilifanyie kazi kabla ya siku yenyewe? Na naomba nakala ya fomu yangu ya mwaka jana." Akikwambia, umepata wiki tatu za kulishughulikia. Mwite Sista mbele ya watu, hata kama ulimfundisha kufunga kitovu. Cheo kinaheshimiwa, na heshima hiyo itamrahisishia kukuheshimu.

Kusaini: usisaini sehemu yenye nafasi tupu, na usisaini kabla hujasoma maoni ya mwisho. Ukiwa hukubaliani na kitu, kiandike chini kwa mkono wako, kwa adabu, kisha ndipo uweke sahihi, na uombe nakala. Kuhusu mkataba, usiulete kwenye kikao hicho kama ombi la mkate wa watoto. Andika barua fupi mwezi wa kwanza kuuliza nia yao. Ujue tu kwamba kwa sekta binafsi, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri anayesema utendaji wako ni duni akueleze kiwango kinachotakiwa, akuongoze na akupe muda wa kujirekebisha kabla ya kukuondoa. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, mjulishe mwakilishi wako mapema, kabla mambo hayajachacha.

Omba kitu kimoja. Mwaka jana hukuomba, mwenzako akapata. Mwaka huu, kwa jinsi ninavyokusoma, kitu chako ni mafunzo ya watoto wachanga, ili ile Alhamisi yako iwe kazi rasmi ya wodi, yenye siku yake kwenye rosta. Nayo yatakupa pointi za mafunzo endelevu unazotakiwa kuwa nazo kuhuisha leseni. Ukiomba mafunzo, na kupunguziwa usiku, na nyongeza, utarudi mikono mitupu.

Na mwisho lile ambalo hukuniuliza. Tathmini saa 3 asubuhi, umetoka usiku? Hapana. Macho mekundu, umesimama saa 12, mtu anakuuliza swali la mwezi wa nane na wewe unaitafuta sentensi ambayo wiki mbili umeifanyia mazoezi, huioni. Machozi yatakuja kabla ya maneno, nawajua wakunga. Ongea na mwenzako leo mbadilishane zamu ya Jumanne usiku, mpeleke inchaji aidhinishe kwenye rosta. Akikataa, mwombe kikao kisogezwe mpaka Alhamisi. Usiku huo ulale kwako Makorora, asubuhi unywe chai na mkate wako wa Ajemi bila haraka, ukurasa wako ukiwa ndani ya bahasha ili jasho la baiskeli lisiufikie.

Shangazi yako